Siku Niliyomwandika Kaka Yangu Yohana

Aibu zangu nyingine nimezisimulia mpaka zimechakaa. Ile ya kuanguka na baiskeli mbele ya mchungaji nikiwa nimebeba trei ya mayai mnaijua, ile ya kwenda kuposa na viatu vya kuazima vilivyonibana mpaka nikala chakula cha wakwe huku machozi yakinitoka mnaijua pia. Hii ya leo sijawahi kuitoa kinywani, na wale waliokuwapo walinistahi wakanyamaza, na wengi wao wamekwisha kutangulia. Naitoa kwa sababu jana kwenye kikao cha wazee wa kanisa, hapa hapa Ipuli, mmoja wenu (simtaji, mwenyewe anatazama chini) alisimama akasema, "Kazi hii tumpe Mzee Yeremia, mtu ambaye hajawahi kusema uongo," nanyi mkapiga makofi, na mimi nikayapokea makofi yale kama mtu anayepewa mzigo usio wake pale stesheni na anaona haya kuurudisha.

Basi sikilizeni, halafu mpige makofi tena kama mtaweza.

Mimi niliwahi kuwa diwani. Ndiyo, msicheke, mimi huyu huyu, tena si diwani wa kupita tu, watu walinichagua mara mbili, kule upande wa Ipole nilikokuwa na shamba la tumbaku na mizinga yangu ya nyuki porini. Na sikuzaliwa nchi hii. Nilizaliwa Urundi, ng'ambo ya mto Malagarasi, enzi za Wabelgiji, nikaja huku kijana wa miaka kama kumi na saba, kwa miguu, na wenzangu wanne, kutafuta kibarua, tukiifuata njia ile ile ya misafara ambayo babu zenu Wanyamwezi waliipita na mizigo mabegani kwenda Ujiji na kurudi. Kaka yangu mkubwa, Misago, alinisindikiza mpaka mtoni. Alivua blanketi lake akanitupia begani akaniambia, "Ukipata pa kukaa, Kabura, njoo unichukue." (Kabura ndiye mimi, Yeremia nimepewa na Wamoraviani.) Nikasema nitakuja. Nilikuwa nasema kweli siku ile, au nadhani nilikuwa nasema kweli.

Nilifika, nikapata kazi kwenye mashamba ya tumbaku, nikakata kuni za mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, nikajifunza kuutazama moto kuliko ninavyotazama uso wa mtu, na baada ya miaka nikapewa kipande changu na mwenye nchi. Sasa, siku hizo ukisema wewe ni Mrundi watu walikuona manamba tu, mtu wa kuja na kuondoka, hakuna aliyekukaribisha chakula akitarajia kukuona mwakani. Ndiyo maana mzee mmoja aliponiuliza nyumbani ni wapi, nikamjibu Kibondo. Mimi Mha wa Kibondo. Lugha zinakaribiana, sura ndizo hizo hizo, nani atabisha? Ulikuwa uongo mdogo, wa kupitishia siku, kama ule mnaomwambia mgeni kwamba mmeshakula.

Uongo huo ukataka mwenzake. Nilipompenda Nyamizi, binti wa Mzee Maganga, mzee akataka kuwaona watu wangu kabla ya kuzungumza mahari. Kibondo si mbali, alisema, tutume mtu. Nikaona hapa naumbuka. Nikasema, "Baba, hakuna wa kutumiwa. Wote wamekwisha kwa ndui. Baba, mama, na kaka yangu Misago." Nikawaua wote watatu kwa sentensi moja, wakiwa wazima kule kwao wanapalilia maharage. Mzee Maganga akashika kichwa. Na Nyamizi, roho yake ile mnayoisikia ikisifiwa, aliwalilia watu asiowajua, na tulipojaliwa mtoto wa kwanza, wa kiume, alisema mwenyewe, bila mimi kumwomba, "Huyu ataitwa Misago, ili jina la shemeji lisipotee."

Kijiji kizima kikaniita Baba Misago. Mke wangu akawa Mama Misago. Kila siku ya Mungu, asubuhi mpaka jioni, watu walinisalimu kwa jina la kaka niliyemzika akiwa hai, na mimi nikiitikia.

Uhuru ulipokuja walitangaza kwamba wenye asili ya nje wanaotaka uraia wakajiandikishe. Nilisikia. Wenzangu wawili kati ya wale wanne walikwenda, wakajaza karatasi, wakarudi wakaendelea kulima, wala mbingu haikuanguka. Mimi ningekwendaje? Mha wa Kibondo ana haja gani ya kuomba uraia? Nikakaa kimya. Nikapata kadi ya chama, nikawa balozi wa nyumba kumi, na wakati wa vijiji nilikuwa wa kwanza kubomoa nyumba yangu na kuhamia penye mistari ya nyumba mpya, na wa kwanza kufika shamba la kijiji na jembe. Watu wanapenda mtu anayefika kwanza. Wakanipendekeza udiwani.

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu, mtoto wa pale pale, msemaji kunizidi mara kumi. Mnakumbuka utaratibu wa siku zile, tulipanda Land Rover moja, tukasimama jukwaa moja, tukala sahani moja, na marufuku kutaja kabila la mtu wala dini yake. (Marufuku ile ilinifaa kuliko alivyojua aliyeitunga.) Yeye alipewa alama ya nyumba, mimi nikapewa jembe, na viganja vyangu mnavyoviona hivi, basi Mungu akupe nini tena. Nikashinda. Na nilifanya kazi, hilo nitalisema hata mbele ya kaburi langu. Tulichimba visima, tukajenga zahanati kwa nguvu zetu, na godauni la tumbaku ambalo mpaka leo halijapasuka ukuta.

Godauni hilo ndilo lililonifunua.

Kipindi hicho kule kwetu Urundi kuliingia mauaji. Sitaki kuyaeleza, waliotoka kule wenyewe hawakuyaeleza. Watu wakavuka mpaka kwa maelfu, na serikali ikawafungulia makazi porini, mengine wilayani kwetu, mengine mbele zaidi upande wa Mpanda, na malori yakawa yanatoka stesheni ya Tabora yakipitia Sikonge na Ipole. Tukaambiwa kijijini kwetu watateremka siku moja, waandikwe, wapate uji, halafu wagawanywe, hawa wabaki makazi ya karibu, hawa waendelee mbele. Mkuu wa Wilaya atakuja mwenyewe kuwakaribisha. Na nani atatafsiri? "Diwani si Mha?" wakasema. "Anaelewana nao."

Ningeweza kuugua siku ile. Nimelifikiria hilo miaka yote, jinsi ambavyo ningeweza tu kuugua. Lakini nilikuwa nimeshonewa suti mpya ya mikono mifupi, rangi ya majani makavu, na nilitaka Mkuu wa Wilaya aione.

Malori mawili ya kwanza yalifika asubuhi. Karani alikuwa Bwana Saidi, mtu wa Tabora mjini, mstaarabu, mwandiko kama wa msahafu. Tuliweka meza mlangoni pa godauni, yeye amekaa na daftari na karatasi yake ya kaboni, mimi nimesimama ubavuni pake. Hatua tano nyuma yetu akina mama wa kijiji walikuwa na mapipa ya uji, na mkuu wao, mwenye upawa mkubwa, ni Mama Misago. Watu wakapita mmoja mmoja. Jina? Jina la baba? Umetoka wapi? Uko na nani? Nikawa natafsiri, na moyo unaniuma kwa lugha ile, maana sikuwa nimeisikia kinywani mwa mtu mzima kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila wakitamka neno nilikuwa nasikia harufu ya moshi wa jikoni kwa mama.

Akaja mtu mrefu, amekonda, koti la mtu mwingine mwilini. Alisimama mbele ya meza akanitazama. Sisi kwetu ndugu wakikutana baada ya muda mrefu hawapeani mkono kama mnavyofanya ninyi, wanashikana mikono ya juu hapa, karibu na mabega, wanapapasana, wanaulizana habari za nyumba nzima na ng'ombe wote, inaweza kuchukua muda wa kuivisha viazi. Niliona mikono yake inapanda. Na wallahi, Wamoraviani mnisamehe, na yangu ilianza kupanda. Ilifika hapa. Halafu nikamwona mke wangu kwa pembe ya jicho akimimina uji, nikaishusha nikaifanya kana kwamba nanyoosha suti.

"Kabura?" akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Jina?" nikamwuliza, kwa sauti ya serikali.

Alinyamaza. Watu wale walikuwa wamejifunza kunyamaza haraka, wametoka mahali ambapo kumwita mtu kwa jina kungeweza kumponza. Nadhani alifikiri kuna hatari nisiyoweza kuitaja, na kwamba kwa kunyamaza ananiokoa. Akatazama chini, akajibu maswali kwa sauti ile ile ndogo, ya kunifikia mimi tu. Misago. Mwana wa fulani, akamtaja baba yetu. Halafu akaongeza, pole pole, bado akitazama meza, "Mke wangu na watoto walitiwa lori la nyuma. Atakuja akiniulizia kwa jina. Mwambie karani."

"Anasemaje?" Bwana Saidi akauliza, kalamu juu.

Ndugu zangu, hapo ndipo. Jambo zima lilikuwa jepesi kiasi hicho. Neno moja, Misago, lililosemwa kwa sauti hatua tano kutoka kwa Mama Misago, nalo lingemfanya aje kumtazama mtu huyu mwenye jina la mwanawe, na uso ule ungetosha, maana tumefanana mno. Nikahesabu haraka haraka: kiti changu, suti yangu, wakwe zangu, wafu wangu watatu.

"Yohana," nikasema. "Yohana Petro. Yuko peke yake."

Bwana Saidi akaandika kwa mwandiko wake mzuri, na kaboni ikaandika chini yake. Kaka akapewa bakuli akaenda kukaa ndani ya godauni, mwisho kabisa, kwenye rundo la magunia. Nikajiambia nitarekebisha jioni mkutano ukiisha, nitamwendea karani kiutu uzima, nitasema nilikosea. Siku hizo kila mtu alikuwa ndugu, ndugu mwenyekiti, ndugu karani, ndugu dereva, mpaka mwizi alikamatwa akiitwa ndugu mwizi. Mtu mmoja tu pale uwanjani hakuwa ndugu yangu, naye ndiye niliyenyonya naye ziwa moja.

Alasiri Mkuu wa Wilaya akafika. Jukwaa letu lilikuwa meza tatu za shule zimetandikwa mkeka. Nikapanda naye, nikasafisha koo, na ndipo lori la tatu lilipoingia, limejaa wanawake na watoto. Bwana Saidi akaanza kuwaandika akisaidiwa na dereva, maana dereva alikuwa Mha (Mha wa kweli huyu, si wa kubandika), na mimi juu ya meza nikaona mama mmoja na watoto wawili anasogea mezani anauliza kitu, nikaona Saidi anapitisha kidole kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, anarudi nyuma tena kwa uangalifu wake ule, kisha anatikisa kichwa.

Dereva hakuwa mtu wa maneno ya kuzunguka. Alimwambia tu hayupo. Na wale waliotenganishwa njiani walikuwa wamekwisha kujua neno hilo maana yake ni nini, maana waliotangulia na hawakufika kwenye daftari waliokotwa kando ya njia. Yule mama akaweka chini furushi lake, akajitupa vumbini, akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. "Misago! Misago wanje! Misago!" Wanje kwetu ni wangu.

Upawa ukaanguka. Nyamizi alikuwa na mwanawe Misago anasoma sekondari Tabora mjini, na huyu ni mgeni kashuka kwenye lori lililotoka Tabora, anagaragara analia Misago. Akakimbia. "Misago amefanya nini? Misago wangu amefanya nini?" Mmoja akamwuliza mwenzake, mwenzake akamwuliza dereva analia nani huyu, dereva akasema analia Misago, kafa. Maneno matatu. Kabla sijatoa mguu kwenye meza, mke wangu alikuwa ameshika kichwa anapiga kelele, "Mayo! Mayo wee! Mwanangu!" na akina mama wote wa kijiji wameacha uji wamejifunga khanga viunoni, wanalia, na wakimbizi walipoona wenyeji wanalia wakadhani wanasaidiwa msiba wao, wakalia nao, na uwanja mzima ukawa matanga.

Mnauliza nilifanya nini. Nilisimama. Nilijua kwamba mwanangu ni mzima, yuko darasani anakosea hesabu, na nilijua aliyeliliwa naye ni mzima, yuko ndani ya godauni anakunywa uji. Katika watu wote wale, mimi peke yangu nilijua hakuna aliyekufa, na nilisimama juu ya meza na suti yangu. Mkuu wa Wilaya akavua kofia, akanishika bega, akasema, "Pole sana, Ndugu Diwani. Kazi ya Mungu." Nikasema ahsante. Nawaapia, nilisema ahsante! Akawaomba watu wote wasimame kimya kumkumbuka kijana, nao wakasimama, wanaume wamevua kofia, na mimi nikainamisha kichwa kumwombea mwanangu aliye hai. Mzee Maganga, mkwe wangu, alikuja na fimbo yake, akasimama chini ya jukwaa, akanivuta suruali akaniambia wachimba kaburi ameshawachagua. Vijana wanne walikuwa wamekwisha kushika majembe.

Nilikuwa bado natafuta njia ya kutokea. Nilikuwa najiambia wakienda Tabora watamkuta mzima, watafurahi, yataisha kwa kicheko, nani atauliza zaidi? Hivyo ndivyo akili yangu ilivyokuwa ikifanya kazi huku Nyamizi akijikwaruza uso. Kama dakika kumi nilimwacha alie. Katika mambo yote ya siku ile, hilo la dakika kumi ndilo nisilolisamehe.

Mkuu wa Wilaya akatoa Land Rover yake. Akamwambia dereva wake aende Tabora akalete mwili wa kijana, na mama yake aende, na wazee wawili. Nyamizi akapanda, bila viatu, kilemba kimeanguka. Gari likaunguruma. Akageuka akanitazama kupitia dirishani, akanyoosha mkono akasema, "Baba Misago, njoo. Usiniache nikampokee peke yangu."

Hapo nikaruka. Nilitaka kuruka kishujaa mbele ya gari, ila mguu ulinasa kwenye mkeka, meza zikaachana, nikashuka kwa uso kwenye pipa la uji, pipa likapinduka, na diwani wenu akalala kifudifudi kwenye matope ya uji wa mahindi na suti yake mpya. Watu wakanikimbilia. Wakadhani nimezimia kwa uchungu! Wakaanza kunipepea na khanga. Mmoja akanimwagia maji. Na mimi chini pale nasema hajafa, hajafa, nao wanasema, "Jikaze mzee, ndivyo inavyokuwa mwanzoni, moyo unakataa."

Ikabidi nipige kelele. Nilisimama kwa magoti nikapiga kelele kama mwendawazimu. "Misago hajafa! Mwanangu hajafa, na huyu mama mumewe hajafa! Yuko ndani ya godauni! Mimi ndiye nimemwandika Yohana!"

Gari likazimwa. Bwana Saidi, maskini, mtu wa utaratibu, akafungua daftari akatafuta akasoma kwa sauti, "Yohana Petro!" Hakuna aliyesimama. "Yohana Petro!" Wote tukatazama mlango wa godauni, na Yohana Petro hatoki, angetokaje, hakuna mtu aliyemwambia kwamba ndiye yeye. Saidi akanitazama mimi. Mkuu wa Wilaya akanitazama mimi. Nikaelewa kwamba hakuna mwingine wa kumwita.

"Misago," nikaita, bado nimepiga magoti, kwa lugha yetu. "Kaka. Njoo nje. Ni mimi, Kabura."

Akatoka na bakuli mkononi. Yule mama, Domitila jina lake, alimrukia wakaanguka wote wawili na watoto juu yao. Na kijiji kizima kikasimama kinamtazama mtu yule, kisha kinanitazama mimi, kisha yeye, pua ile ile, paji lile lile, na hakuna aliyehitaji mkalimani tena.

Nyamizi aliteremka kwenye gari. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alikuja mpaka nilipopiga magoti, uso wake umechubuka kwa kucha zake mwenyewe, akaniuliza swali moja tu, tena kwa upole. "Na mama yako? Naye yuko hai?"

Sikujua. Ndilo jibu nililokuwa nalo mbele ya watu wote wale, kwamba sijui. Kaka alipotafsiriwa swali na yule dereva, alijibu kwamba mama alikufa wakati wa njaa, na kwamba mpaka mwisho alikuwa anawekewa kiti kinachotazama njia. Nyamizi akaokota kilemba chake akaenda kuwasha moto upya chini ya pipa lililobaki, maana watoto walikuwa bado hawajala.

Yaliyofuata ya serikali nayafupisha. Niliitwa ofisini, nikaulizwa, nikaeleza tangu mtoni. Afisa mmoja alitikisa kichwa akaniambia, "Mzee, ungejiandikisha tu wakati ule. Ilikuwa karatasi." Udiwani ukaisha, kadi ikachukuliwa, na nisingebaki nchini kama wazee wa kijiji wasingekwenda kuniombea. Nilimwuliza Mzee Maganga kwa nini amekwenda, yeye niliyemdanganya kuliko wote. Akanicheka kwa hasira. "Mha gani wewe! Babu zetu walikuwa wapagazi, wamelala kwenu, wamekula kwenu, tushindwe kukujua? Mrundi tulikujua tangu ulivyosalimia siku ya kwanza. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe. Lakini kuua wazazi wako ili upate mke, hilo, mwanangu, hatukulijua."

Basi udiwani wote ule niliuchunga kwa kufuli kwenye mlango ambao haukuwa na ukuta.

Kaka alipewa eneo makazi ya karibu. Daftari lilikuwa limekwisha kwenda mkoani, Bwana Saidi alijaribu kulirudisha akashindwa, na kwa hiyo kadi yake ikaandikwa Yohana Petro, na ndivyo alivyoitwa zahanati na ghalani kwa muda mrefu. Hakunitukana hata siku moja. Nilimpelekea mbegu ya mahindi na mzinga wa nyuki, akapokea, akaniuliza habari za nyumba nzima. Tulishikana mikono ya juu kama inavyotakiwa. Nikaapa mbele yake kwamba sitamsemea mtu mwingine neno maisha yangu yote, na sijamsemea, ndiyo maana mnaniona kanisani hata kutafsiri mahubiri nakataa na mnadhani ni maringo.

Kaka alianza kujifunza Kiswahili, mtu mzima yule na mvi zake, kwa watoto wake, kwa madereva, kwa wanawake wanaouza karanga, na kwa miezi michache akawa anakisema, kibovu, cha kuvunja vunja, lakini anasikika. Mwaka wa pili nilimsindikiza ofisi ya makazi kwenda kuomba mbolea. Karani mpya akainua kalamu akauliza, "Jina?" Nikafungua mdomo, kwa mazoea tu, nawaapia ilikuwa mazoea. Kaka akaniwekea mkono begani, akanisukuma taratibu mpaka nje ya mlango, akaufunga, na ndipo nikamsikia kule ndani akijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake.